Plagi ya Mwisho

4 Februari

Kaka Fundi,

Salamu kwanza, shida baadaye, maana ukiona karatasi imejaa pande zote mbili unajua kuna shida. Mimi ni mzima. Shangazi naye mzima, anasema ule unachopewa na uache kuchagua. Bwana Afisa unayesoma barua hizi kabla yake, salamu na kwako. Hapa hakuna siri, ni kompyuta tu.

Nimelichukua lile boksi la vifaa ulivyoacha kwa Shangazi, nikakaa nalo stoo siku mbili, nikaunda kompyuta. Usicheke. Miaka sita nimekushikia tochi na bisibisi kwenye karakana yako, kitu kidogo kimeniingia. Bodi imefungwa kwenye kasha, prosesa imekaa, ile dawa nyeupe nimepaka kiasi cha punje ya mchele kama ulivyokuwa ukinifokea, kadi ya kumbukumbu nimeisukuma mpaka ikalia. Nikachomeka, nikabonyeza swichi, na mashine ikanitolea macho.

Naripoti kwa utaratibu wako, maoni yangu nimeyaacha nje ya mlango.

Nilichoona: taa ya kijani kwenye bodi inawaka, feni zote mbili zinazunguka, skrini nyeusi tii. Skrini yenyewe ni nzima, nimeijaribu kwa jirani.

Nilichosikia: feni. Hata ule mlio mmoja mfupi wa salamu haupo.

Nilichonusa: vumbi. Hakuna kilichoungua.

Naitaka kwa kazi ya kuwachapia watu barua na fomu. Shemeji yako hajui. Tangu apoteze jicho anatembea na fimbo, na ngazi za stoo haziwezi, kwa hiyo huku chini ni kwangu.

Najua kuna jambo kati yetu. Mwaka juzi nilisimama mahakamani nikasema mume wangu hakunigusa siku ile karakanani, kwamba nilianguka kwenye ngazi, na wewe ukaonekana mtu aliyemvamia shemeji yake bila sababu. Ukapata miaka sita. Hujawahi kuniuliza kwa nini. Sijui ni msamaha au umenisusa.

Mdogo wako,
Bisibisi


15 Februari

Bisibisi,

Nimecheka mpaka wa kitanda cha juu akanitupia kiatu. Wewe, ambaye ulikuwa unaogopa kubadilisha balbu.

Kwa dalili hizo ni kumbukumbu. Itoe, isugue miguu yake kwa kifutio cha penseli, ipulize, irudishe kwenye nafasi ya pili. Ikigoma, nafasi ya kwanza. Fanya polepole na ujaribu zaidi ya mara moja.

Hapa wameniondoa kwenye kuvunja kokoto, wamenipa kompyuta za ofisi. Ni mashine za zamani, zinakohoa, lakini ni kivuli. Kivuli humu ni jambo kubwa. Jumanne mtu alimwagiwa maji yanayochemka usoni kwa sababu ya nafasi ya kukaa kivulini, na tulipomfuta ngozi ya shavu ikabaki kwenye kitambaa. Mimi nilimaliza kula. Ndivyo mtu anavyokuwa.

Sikukususa. Nilichofanya nakisema kwako kama nilivyomwambia hakimu. Nilirusha ile pawa saplai mbovu, kile kiboksi cha chuma cha kugawa umeme, mara moja, mara moja tu, yeye akaangukia kona ya meza ya chuma. Mtu akimkuta mdogo wake sakafuni damu inamtoka sikioni, mkono hausubiri ruhusa. Ningefanya tena kwa ajili yako. Beba hilo, mengine yatupe.

Kaka yako,
Fundi


1 Machi

Kaka Fundi,

Kifutio nimekimaliza. Nafasi ya kwanza, nafasi ya pili, polepole kama ulivyosema. Nilichoona ni kilekile, nilichosikia ni kilekile. Samahani kwa mwandiko, naandikia magotini.

Sasa nikuambie ukweli. Kuchapa barua za watu ilikuwa nusu ya habari.

Unakumbuka kamera uliyoifunga mwenyewe juu ya mlango wa karakana? Siku ile nilizimia mapema, sikuona ulichofanya. Nilipozinduka, wewe ulikuwa umekaa nje kwenye kizingiti, polisi hawajafika. Nikafungua kompyuta ya kamera, nikachomoa diski, nikaificha kifuani. Niliogopa watu wasinione nikiburuzwa kwa nywele. Ilikuwa aibu, Kaka, si kingine. Nikaifunga kwenye taulo na kuitia ndani ya debe la unga, imekaa humo mpaka leo.

Ni ile ya kizamani, yenye mkia mpana wa nyaya. Kompyuta za siku hizi hazina pa kuuchomeka, bodi yako inapo. Na mafundi wote wa mtaa huu wanakunywa chai na shemeji yako. Ikifika mezani kwao haitarudi.

Nimempata wakili wa msaada wa sheria, mama mmoja mkali anayeongea bila kupumzika. Anasema rufaa yako inaweza kusikilizwa kukiwa na ushahidi mpya, mwisho tarehe 31 Mei. Diski itaonyesha kwamba yeye alinipiga kwanza, na kwamba wewe ulirusha mara moja tu. Itaonyesha pia kwamba nilidanganya mbele ya hakimu. Hilo nitalibeba, nimeshazoea mizigo.

Kwa hiyo ihurumie hii mashine. Ndiyo itakayokutoa.

Bisibisi


20 Machi

Bisibisi,

Nimechelewa kujibu. Kulikuwa na fujo bwenini, mtu alichomwa na mpini wa kijiko ulionolewa, tukafungiwa wote siku tano.

Kuhusu diski, sahau. Diski iliyokaa kwenye unga imeshakufa, na hata ikiwa hai sitaki uketi ukijitazama ukipigwa. Rufaa nayo achana nayo. Miaka sita inapita.

Kuhusu mashine, fungua kila kitu. Toa bodi kwenye kasha, ilaze juu ya kadibodi, angalia kama kuna skrubu iliyopotelea chini yake. Halafu toa ile betri ya duara, iache nje siku tatu kamili. Siku mbili hazitoshi. Irudishe, ujaribu.

Sasa zamu yangu kuripoti. Nilichoona: herufi zako zimelala nyuma na wino umepakwa na kiganja, kwa hiyo umeandika kwa mkono wa kushoto, na wewe si wa kushoto. Nilichosikia: barua nzima, mbali ya chai yake, hujasema mume wako anafanya nini siku hizi. Nilichonusa nakiacha, kuna afisa anasoma.

Niambie mkono wa kulia umepatwa na nini. Nikitoka nitaimalizia ile kazi.

Fundi


6 Aprili

Kaka,

Amejifunza ngazi za stoo. Alishuka kwa makalio, ngazi moja moja, fimbo magotini, nami sikumsikia kwa ajili ya feni. Ilikuwa mwisho wa Februari. Aliponikuta na bisibisi akaniambia niweke mkono juu ya meza. Niliuweka. Usiniulize kwa nini, mkono wenyewe ulienda. Alipiga kwa fimbo mara tatu kwa sababu pigo la kwanza lilikosa. Kidole cha shahada na cha kati. Akasema, "Ndugu yako alichukua jicho langu. Mimi nachukua mikono ya ufundi, tutakuwa sawa." Alisema taratibu, maana siku hizi maneno yanamtoka kwa shida, nami nilisubiri amalize.

Nilikwenda polisi. Yule wa kaunta akafungua jalada la mwaka juzi, akanisomea maneno yangu mwenyewe: nilianguka kwenye ngazi. Akaniuliza kama na safari hii ni ngazi. Wenzake wakacheka. Nilidanganya kwa sababu mume wangu alikuwa amelala hospitali hajui hata jina lake, na mimi niliona ameshaumia vya kutosha, huruma ikanishika mahali pabaya. Sasa siaminiki tena. Bila diski mimi ni mwanamke wa kuanguka ovyo. Kwa hiyo si wewe tu unayetolewa na hii mashine.

Bodi nimeilaza kwenye kadibodi. Skrubu hakuna. Betri siku tatu kamili. Kasha alilipiga teke, limepinda ubavuni, lakini ndani ni salama. Dalili ni zilezile, naweza kuziandika nikiwa nimefumba macho.

Hebu fikiri tena. Wewe mashine ya namna hii ulikuwa huigusi dakika kumi. Nimekuwa nikikumbuka: kila kompyuta mpya ikikaribia kuisha, ulinituma chai. Nikirudi na birika, imeshawaka. Kuna kitu ulikuwa unakifanya mimi nikiwa nje?

Zimebaki siku hamsini na tano.

Bisibisi


15 Aprili

Mdogo wangu,

Nilikutuma chai kwa sababu nilitaka chai.

Tafuta pawa saplai nyingine. Hiyo ya kwenye boksi imechoka, feni zinazunguka lakini nguvu haifiki. Tafuta kubwa, usikubali ya kuokotwa, hata ikichukua mwezi.

Na diski ichome. Nakuomba kama kaka, na kama hilo halitoshi nakuamuru kama fundi wako. Itie kwenye moto, halafu hama nyumba hiyo, nenda kwa Shangazi na nguo ulizovaa. Huhitaji diski ili uondoke. Miguu unayo.

Nilikuwa chumba cha peke yangu siku sita. Kuna mtu aliiba barua yako akaisoma kwa sauti mbele ya bweni zima, ile sehemu ya vidole, akaigiza na sauti yako. Nilimsukuma mara moja tu, akaangukia sinki, taya likavunjika. Ilikuwa kwa ajili yako. Sijutii.

Kaka yako,
Fundi


Nyuma ya karatasi hiyohiyo, kwa wino mwingine

16 Aprili

Dada,

Mimi ndiye afisa ninayesoma barua hizi. Kazi yangu ni kufuta, si kuongeza, na hiki ninachoongeza kinaweza kunivua sare.

Wiki ya pili ya Machi kompyuta moja ya ofisi yetu ilirudi kutoka kusafishwa ikagoma. Taa inawaka, feni zinazunguka, skrini nyeusi, hakuna mlio. Kaka yako aliinama akachomeka plagi ndogo ya mraba, yenye pini nne, iliyo peke yake karibu na prosesa. Ikawaka kabla chai yangu haijapoa. Aliniambia hilo ni kosa la kila anayeunda mara ya kwanza: plagi kubwa anaiona, hiyo ndogo anadhani ni ya ziada. Wiki iliyofuata nikasoma barua yake akikuagiza utoe betri siku tatu. Nilidhani labda za kwenu ni tofauti. Sasa naona dalili ulizoandika ni zilezile.

Na yule mtu hakuangukia sinki. Nilikuwepo. Kaka yako alimgongesha kichwa ukutani, na tulipomfikia mtu alikuwa ameshalegea na yeye bado anagongesha. Tulimvuta watu watatu.

Sijui kuna nini kwenye diski yako. Ukimaliza kusoma maneno haya yachane.


27 Aprili

Kaka,

Imewaka.

Usiniulize nimejuaje. Plagi ya mraba, pini nne, karibu na prosesa. Muda wote ilikuwa ikining'inia hapo hapo, nami niliifunga pembeni kwa uzi ili isinisumbue. Niliichomeka kwa mkono wa kushoto, nikabonyeza, ikatoa mlio mmoja mfupi wa salamu. Nililia, Kaka. Kwa sekunde kadhaa nilifurahi kweli.

Unga haukuidhuru diski. Ulinifundisha kuripoti, basi naripoti.

Nilichoona: anaingia, ananishika nywele, ananipiga mara nne. La nne linanilaza. Wewe unatokea chumba cha nyuma. Unamtazama yeye. Unachukua ile pawa saplai mezani, unajiviringishia nyaya zake mkononi. Hukuirusha. Haikutoka mkononi mwako hata mara moja. Pigo la pili ndilo lililomwangusha, na hakuna kona ya meza popote karibu. Nimehesabu mara tatu nisije nikakuonea. Baada ya kumi na moja unasimama, unakwenda kwenye rafu, unakunywa maji kwenye kikombe chako. Unainua uso unaitazama kamera, tukatazamana mimi na wewe. Unakiweka kikombe chini vizuri. Unarudi, unamgeuza kwa mguu ili uso uwe juu, unapiga sita. Jicho ni la hapo. Jumla kumi na saba.

Mimi nimelala kati ya rafu na yeye. Ulinivuka ukienda kunywa maji, ukanivuka ukirudi. Hukuinama. Hukujua kama napumua.

Nilichosikia: hakuna. Kamera yako haina sauti.

Nilichonusa: stoo hii ni unga na vumbi, lakini nilinusa nywele zikiungua, kwa sababu ile pasi yako ya kulehemu ilianguka kichwani kwake ikiwa bado imewashwa, na hakuna aliyeiondoa.

Miaka miwili nimebeba kwamba kaka yangu yuko ndani kwa ajili yangu. Nimepigwa nikasema ni haki yangu, niliwaharibia wanaume wawili maisha. Wewe ndiye uliyeniambia nibebe hilo.

Na ulijua. Dalili nilizoandika Februari ungezitambua hata ukiwa na homa. Februari ulinipa kifutio, akanivunja vidole. Machi ulinipa betri siku tatu, akanivunja ubavu, huo sikukuandikia. Mwezi huu ulinipa pawa saplai, na juzi amenikaba kwa fimbo mpaka nikajikojolea. Kila wiki uliyonizungusha nililala nyumba hii nikisubiri barua yako.

Nataka kusikia kutoka kwako kama nimekosea popote katika ripoti hii.


9 Mei

Mdogo wangu,

Hujakosea popote.

Nilijua kabla sijafika mwisho wa barua yako ya kwanza, kabla hata hujataja diski. Mwanzo ilikuwa ujinga wa fundi tu. Ile plagi kwa makusudi sikuwahi kukuonyesha, kila fundi huweka hatua moja ya kwake ili msaidizi asiondoke akafungua karakana mtaa wa pili. Nikakutuma chai miaka sita. Februari nikakupa kifutio kwa tabia hiyohiyo, nikijua utanirudia uniombe, na humu ndani kuombwa kitu ni raha.

Kisha ukaandika kuhusu diski. Kuanzia siku hiyo nikakuzungusha ili usiione.

Ukitaka kujua kwa nini nilirudi baada ya maji, nitakuambia, na Bwana Afisa asikie. Mapigo ya kwanza nilikuwa nakufikiria wewe. La tatu, la nne. Baada ya hapo sikuwa namfikiria mtu. Ilikuwa tamu. Nilipoitazama kamera nilijua inarekodi, mimi ndiye niliyeifunga. Nilifikiri kuichomoa, nikaona nimalize kwanza. Hapo sikuwa nimekukumbuka. Nilikuja kukukumbuka nikiwa nimekaa kizingitini, nikaona wewe ndiye maelezo mazuri, na tangu hapo nimeishi ndani yako kama nyumba ya kupanga.

Vidole, ubavu na shingo ni deni langu. Nilisoma barua ya vidole na bado nikakupa pawa saplai. Ningeweza kuandika maneno manne, "angalia plagi ya pembeni," na ungetoka siku hiyo. Niliandika ukurasa mzima ili usitoke.

Mpe wakili diski yote. Kuna watakaokushauri uikate baada ya yale mapigo yake manne, ili yakusaidie wewe na mimi niokoke. Usikate. Ukiikata watasema umeichezea, na hata yale manne yatakufa. Tengeneza nakala mbili kabla hujaitoa mkononi.

Hama kwanza. Leo, kabla ya nakala.

Mimi


3 Juni

Kaka,

Barua yako ilinikuta kwa Shangazi. Nilihama tarehe 28 Aprili, siku moja baada ya kukuandikia, sikungoja ruhusa. Mume wangu alikuwa sebuleni. Nilipita na bodi na diski ndani ya debe la unga, akasimama mlangoni akainua fimbo. Niliikamata. Sikuwahi kujua kwamba inakamatika. Kwa jicho moja haoni upande ule, na upande ule ndio niliosimama. Nilimpokonya, akaanguka chini, akaniangalia na lile jicho moja, akajifunika uso. Nikawa nimeiinua juu ya kichwa chake, Kaka. Nilijua mahali pa kupiga na nilijua hakuna kamera. Nikakuona wewe unakunywa maji. Nikaitupa nje barabarani, nikaondoka.

Wakili amepata yote, kutoka mwanzo mpaka mwisho, tarehe 20 Mei. Aliitazama mara mbili, akaanza kuandika. Polisi wamemchukua yeye kwa mapigo manne ya siku ile na kwa vidole, na yule wa kaunta ndiye aliyeandika maelezo yangu, safari hii bila kucheka. Na mimi nimeandikisha kwamba nilidanganya mahakamani, nasubiri kitakachonipata. Kwako hakuna rufaa tena. Wakili anasema kesi yako itafunguliwa upya kwa shtaka zito zaidi, na miaka sita utaiona ni michache. Nilikuwa na uwezo wa kuikata. Siku tatu nilikaa na mkono kwenye kibonyezo.

Mashine inafanya kazi. Naandika fomu za watu kwa vidole vinane, na jana nimeunda ya pili kwa mwalimu wa jirani. Binti yake alitaka kuona, nikamwonyesha plagi ya pini nne kabla ya kitu kingine chochote.

Nimekwenda karakanani mara moja, kufungua ile kamera. Nimeifunga juu ya mlango wa Shangazi, na imeunganishwa na bodi yako. Inaona mpaka barabarani.

Siku utakayotoka, hata nikiwa mzee, njoo. Nitakupa chai. Ila usiingie moja kwa moja kama zamani. Simama nje, chini ya kamera, utoe mikono mifukoni, usubiri. Nitakuwa ndani nakutazama kwenye skrini, na nikishaiona mikono yako ndipo nitaamua kufungua.

Dada yako